Heko, Mpiga Litungu

Kule Chicago kuna Second City, jumba la vichekesho lililofunguliwa 1959, ambako mwanagenzi hufundishwa kusimama jukwaani bila maandishi na kuzua palepale. Tarime na Serengeti tuna mpiga litungu wa Kikurya, naye huzua palepale.

Chombo chenyewe kina nyuzi nane, na sauti yake ni nzito, yenye mkwaruzo, kama mzee anayekohoa kabla ya kutoa neno. Lakini ninachompongezea fundi huyu si vidole, ni mdomo. Harusini hajui nani atatokea. Akiingia mgeni mwenye kitambi, au mkwe aliyeleta ng'ombe pungufu ya waliotajwa, tayari wimbo umemdaka. Anasifiwa ukoo, kisha anachokozwa, na watu wanaangua kicheko yeye hata hajapata kiti. Akinuna je? Ubeti unageuka papo hapo kuwa sifa, na noti inatoka mfukoni. Hapo ndipo ninapomwonea fundi wivu.

Anayejifunza hutetemeka, na ana haki, maana hadhira ya Kikurya haimpigii mtu makofi ya huruma. Ndiyo maana ni busara kuanzia nyuma ya mkubwa, kuitikia tu, huku sikio likifuata jinsi mkong'osio uleule unavyorudiwarudiwa mpaka neno lije. Maana akili ikikauka, nyuzi huendelea kusema, na wachezaji hawana habari.

Mimi wangenigundua. Jasho lingenisema.