Kifungo cha Mwisho Kwanza

Sisi tuliosahau zamani jinsi tulivyojifunza kuvaa shati hudhani ni jambo moja. Mwalimu wa elimu maalumu anaona hatua kumi na kitu: kujua mbele na nyuma, kupitisha mkono wa kwanza, kuvuta kola, kuutafuta mkono wa pili unaoning'inia mgongoni, kulinganisha pindo, halafu vifungo. Na anapofundisha, huanza na kifungo cha mwisho.

Nimeitazama kazi hiyo kwa muda mrefu katika darasa la watoto wenye ulemavu wa akili, kata ya Magomeni, hapa Mtwara Mikindani. Mwalimu, mama wa makamo, anamvika mtoto shati, anafunga vifungo vyote isipokuwa kimoja, na hicho kimoja anakiingiza nusu kwenye tundu. Kazi ya mtoto ni kuvuta tu. Akivuta, shati limefungwa, na aliyemaliza ni yeye. Baada ya siku kadhaa kifungo kitaachwa nje ya tundu. Baadaye vitabaki viwili, kisha vitatu. Mwalimu anarudi kinyumenyume namna hiyo hadi siku mtoto atakapolikuta shati limekunjwa mezani, alivae mwenyewe tangu mwanzo. Katika safari yote hiyo kila zoezi limeishia kwenye kufaulu, na mtoto ambaye kila mahali ameshindwa mbele za watu anakuhitaji kufaulu huko kuliko shati lenyewe.

Mtazame sasa mwalimu mkono wake. Mwanzoni umefunika mkono wa mtoto. Wiki zinapita, unashika kifundo tu. Halafu unagusa kiwiko. Halafu kidole kinaonyesha kwa mbali. Siku moja anaelekeza kwa macho, na siku nyingine anageukia dirishani makusudi, kana kwamba ana jambo la kuangalia uwanjani. Kutoa msaada wengi tunaweza. Kuuondoa kidogo kidogo ndiyo kazi yenyewe: ukiwahi, mtoto anakwama na kukata tamaa, ukichelewa, anazoea kungoja mkono wa mtu.

Pembeni yake huwa yupo kijana aliyehitimu Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu kilichopo Tengeru, Arusha. Anasubiri ajira ya serikali, na wakati akisubiri anafundisha kwa kujitolea, akipewa posho ndogo inayotokana na michango ya wazazi. Chuoni alisoma nadharia na akaenda mazoezi ya kufundisha kwa wiki chache. Hapa ndipo anapojifunza kungoja. Siku moja alimwekea mtoto visoda mezani, akamwambia atenge vitano. Mtoto akaviangalia, kimya. Kijana akaanza kumhesabia.

"Mwache, mwanangu," mwalimu akamwambia kwa sauti ya chini. "Anakuja."

Ukimya ukawa mrefu hata mimi nikaona aibu kwa niaba ya mtoto. Kisha kisoda kimoja kikasogea, na cha pili, mpaka vikatimia vitano. Nadhani hakuna mtihani wa chuo unaoweza kupima ujuzi wa kukaa kimya namna ile.

Yapo pia madaftari. Kila mtoto ana lake, na mwalimu hapokei maneno mapana humo. Kijana akiandika kwamba mtoto ameendelea vizuri, daftari linarudi na swali: vizuri vipi? Anachotaka kuona ni kwamba amevuta kifungo mwenyewe mara tatu kati ya tano, baada ya kuguswa kiwiko. Mwalimu akiugua au akihamishwa, atakayeingia darasani ataanzia palepale, na mtoto hatarudishwa nyuma.

Matawi mengine ya fani hii yana mikono yake. Anayefundisha wasioona lazima ajue nukta nundu, na akitumia kibao badala ya mashine ya vibonye sita, huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa nundu hutokeza upande wa pili wa karatasi. Anayefundisha viziwi anajifunza Lugha ya Alama ya Tanzania, ambamo uso nao unasema. Yote hayo yanahitaji mkongwe wa kukaa naye, na mwanagenzi anayekaa naye anahitaji kula na kulipa kodi ya chumba.

Nchi yetu iliwahi kulijua hilo. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kuwa walimu wakiwa kazini: wanafundisha, wanasoma kwa masomo ya posta na redio, wanatembelewa na wakufunzi, na wanalipwa posho. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Haraka ile ilikuwa na kasoro zake, na wengi walibebeshwa madarasa makubwa wakiwa peke yao. Ila wazo la kumlipa mtu anapojifunza ualimu lilikuwa sahihi. Kenya nayo imeajiri walimu wa mafunzo kazini kwa maelfu. Wa sekondari ya chini walilipwa shilingi 20,000 za huko kwa mwezi, wakagoma mwaka 2024 kudai ajira ya kudumu. Walikuwa na haki. Posho ya mwanagenzi ni ya kujifunzia, na isitumike kumnunua mwalimu kamili kwa bei ya chini.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye miaka saba na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa haki ya kusoma. Halmashauri zetu tayari hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na hapa Mtwara nyingi hukusanya ushuru wa korosho kila msimu. Madiwani wanapokaa kupanga bajeti, naomba waingize kifungu kimoja zaidi: posho ya mwaka mzima kwa kila mhitimu wa elimu maalumu anayekaa darasani na mwalimu mzoefu, kabla wazoefu hao hawajastaafu.