Nani Aliondoka na Uso? Uhakiki wa Picha ya Papo kwa Papo, kwa Jicho la Mtazamaji wa Bukoba na Muleba

Uhakiki wa picha za sura za watu umezoea kumwuliza mpigapicha alitaka kusema nini. Sehemu hii inauliza swali jingine, ambalo katika nyumba za Bukoba na Muleba lina uzito zaidi: picha ilipokwisha kupigwa, nani aliondoka nayo? Hoja inayojengwa hapa ni kwamba majaribio ya kisanaa yaliyofanywa kwa filamu ya papo kwa papo yamesomwa kwa kuangalia uso wa karatasi, yaani rangi iliyovuja, mikwaruzo na ajali za kemikali, huku sifa kuu ya filamu hiyo ikipitwa. Sifa hiyo ni upekee wa nakala. Nakala ikiwa moja, suala la nani anaishika ni sehemu ya kazi yenyewe, na mhakiki hawezi kuliachia sheria wala adabu peke yake.

Ni lazima kwanza kueleza jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi. Edwin Land alionyesha hadharani mfumo wake wa picha ya papo kwa papo mwaka 1947, na kamera ya kwanza ya Polaroid iliuzwa mwaka 1948. Katika aina ya awali karatasi mbili hubanwa pamoja na kemikali katikati. Baada ya muda mfupi hubanduliwa, picha ikabaki upande mmoja na mabaki ya negativu upande wa pili, ambayo kwa kawaida hutupwa. Katika aina ya pili, iliyoletwa na kamera ya SX-70 mwaka 1972, kila kitu kimo ndani ya kipande kimoja: kamera hukitoa kupitia rola, rola hupasua kifuko cha kemikali na kuisambaza, na sura hujitokeza mbele ya macho ya aliyepigwa. Hakuna negativu inayobaki dukani. Mtu hawezi kurudi mwaka unaofuata na kuomba asafishiwe nyingine.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri tukiiweka karibu na kazi ya Omar Said Bakor wa Lamu. Bakor alijenga picha zake za ajabu kwa kukata na kuunganisha: uso wa mteja ukachanua katikati ya ua, au ukakaa mahali ambapo uso haukai. Ni majaribio ya kweli, tena ya mtu aliyejifunza mwenyewe. Hata hivyo, yote yalitegemea kitu kilichobaki studio. Mteja aliondoka na nakala na Bakor akabaki na uwezo wa kuirudia. Filamu ya papo kwa papo inavunja mgawanyo huo wa mali.

Mfano unaotajwa sana katika uwanja huu ni Lucas Samaras, msanii wa Marekani mzaliwa wa Ugiriki, na mfululizo wake uitwao Photo-Transformations wa miaka ya 1973 hadi 1976. Samaras aligundua kwamba rangi za SX-70 hubaki laini kwa muda baada ya picha kutoka, akazisukuma kwa kitu chenye ncha mpaka uso wake ukapindika, ukayeyuka, ukageuka kuwa zimwi. Kazi hiyo ina nguvu, na nguvu yake haitokani na ustadi wa mkono tu. Aliyepiga, aliyepigwa na aliyebaki na picha ni mtu mmoja. Samaras ana haki kamili ya kuuharibu uso kwa kuwa ni wake. Wanaomwiga kwa nyuso za watu wengine huchukua mbinu bila kuchukua sharti lililoihalalisha, na hapo ndipo mhakiki anapaswa kusimama. Kuukwaruza uso wa bibi wa Nshamba aliyekaa mbele ya kamera dakika tano, kisha kuupeleka ukutani mahali asipopajua, si kazi ileile hata kama mikwaruzo inafanana.

Upande wa pili wa historia hii hauna msanii. Kamera ya Polaroid iitwayo ID-2 ilikuwa na lenzi mbili, hivyo ikatoa picha mbili katika karatasi moja, na ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi. Vifaa vya kampuni hiyo vilitumika Afrika Kusini katika kutengeneza picha za vitambulisho ambavyo Waafrika walilazimishwa kutembea navyo. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili Weusi wa Polaroid huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waliligundua jambo hilo kazini kwao, wakaanzisha harakati ya kutaka kampuni ijiondoe. Kampuni ilijiondoa mwaka 1977. Uharaka uleule unaomfurahisha mpigwa picha anapouona uso wake ukijitokeza ulimfaa pia karani wa ubaguzi: mtu aliingia, akapigwa, akawekwa kwenye faili kabla hajatoka chumbani.

Adam Broomberg na Oliver Chanarin waliitafuta kamera hiyo ya ID-2 na kurudi nayo Afrika Kusini, wakaitumia kupiga picha za mimea. Wengi wameona humo kejeli iliyofanikiwa, yaani mashine ya kukamata watu ikapewa majani. Uamuzi wa kutopiga uso wa mtu ni wa heshima. Ila heshima hiyo imenunuliwa kwa ukimya: aliyewahi kupigwa na mashine hiyo hayumo, na swali la nani alibaki na picha yake linafungwa badala ya kujibiwa. Mmea haudai nakala.

Kitufe cha flashi kinastahili kituo kirefu zaidi kwa sababu kinahusu ufundi unaojulikana katika kila studio ya Kagera. Kipimamwanga cha kamera inayojiendesha hukadiria wastani wa mwanga wa eneo lote lililo mbele yake. Mtu mwenye ngozi nyeusi akikaa mbele ya ukuta mweupe, kamera hupunguza mwanga kwa ajili ya ukuta, na uso huzama gizani. Kwa picha ya negativu, fundi anaweza kuokoa kiasi wakati wa kusafisha. Kwa filamu ya papo kwa papo hakuna kuokoa. Ama mwanga uliwekwa sawasawa mwanzoni, ama karatasi imekwisha. Kwa hiyo kuongeza mwanga juu ya uso mweusi kunaweza kuwa tendo la kumtambua mtu ili abanwe, na kunaweza kuwa tendo la kumtendea haki ili aonekane. Maana haimo ndani ya kitufe. Katika maonyesho, uso uliozama huitwa fumbo. Dirishani mwa ofisi uso huohuo hurudishwa, na mwenye nao huambiwa akapige nyingine kwa fedha yake.

Kazi inayolikabili swali letu kwa karibu zaidi haikufanywa kwa filamu ya papo kwa papo. Ilizaliwa kwa kuikwepa mantiki yake, na ilizaliwa jirani, kaskazini mwa Uganda. Martina Bacigalupo, mpigapicha wa Italia aliyekuwa akiishi Burundi, alifika katika studio ya Gulu iitwayo Gulu Real Art Studio na kukuta picha za watu waliokaa kitini, wamevaa vizuri, na mahali pa uso pana tundu la mstatili. Maelezo ya mwenye studio, Obal Denis, yalikuwa ya kifundi kabisa. Mashine ya picha za vitambulisho ilitoa nne kwa mpigo, na wateja wengi hawakuhitaji nne. Ilikuwa nafuu kupiga picha moja ya kawaida, kukata uso kwa kipimo cha pasipoti saizi, na kuacha kinachobaki. Mabaki hayo yalikusanywa, yakaonyeshwa New York na kutolewa kitabu mwaka 2013, kwa jina la studio.

Usomaji unaokuja upesi ni ule wa vita. Eneo la Acholi lilipitia miaka mingi ya mapigano kati ya serikali na Lord's Resistance Army, na mtazamaji anayejua hivyo huona katika kila tundu mtu aliyeondolewa. Siukatai usomaji huo. Baadhi ya wateja wenyewe walikuwa na habari za vita za kusimulia, na kitabu kinazisikiliza. Lakini ukitangulizwa, unakuwa wa uvivu. Unamfanya mteja wa Gulu awe maiti wakati ambapo, kwa ushahidi wa tundu lenyewe, yuko hai na ana shughuli: amekwenda kuomba mkopo, kuandikisha mtoto shule, kutafuta leseni. Tundu ni alama ya mtu aliyeondoka na uso wake mfukoni. Kati ya kazi zote zilizojadiliwa hapa, hii peke yake inatuonyesha kwa macho kwamba mpigwa picha ndiye aliyechukua sehemu aliyoihitaji.

Pamoja na sifa hiyo, kuna jambo ambalo kazi hii inalipita kwa wepesi. Mtazamaji wa New York hudhani kuwa mtu asiye na uso hajulikani. Mtu wa Muleba hawezi kudhani hivyo. Jirani hutambuliwa kwa vidole vyake, kwa namna anavyokunja mikono mapajani, kwa kitenge alichovaa harusini mwaka juzi. Sehemu ambayo ofisi haikuitaka ndiyo sehemu ambayo ndugu wangeitambua kwanza. Kukata uso kunamficha mtu kwa wageni tu; kwa watu wa nyumbani kwake bado yuko wazi ukutani. Mgawanyo wa Gulu basi ni huu: ofisi ilipata uso, jumba la sanaa likapata mwili, na nyumbani hapakupata kitu.

Nyumbani ndipo uhakiki huu unaporudi. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa mwaka 1983, na Muleba ni miongoni mwa wilaya zilizoachiwa yatima wengi na wazee wanaowalea. Shirika la Kwa Wazee la Nshamba, linalowapa wazee hao pensheni ndogo, lipo kwa sababu ya hali hiyo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza na kuua mamia ya abiria, na wengi wao walizikwa kwa pamoja Igoma. Kwa Wahaya, ambao huzika kibanjani, karibu na nyumba na migomba, kaburi la mbali ni pengo la aina yake. Katika mazingira hayo picha ya marehemu hubeba kazi ambayo nadharia ya picha za majaribio haikuiwazia. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1994 anaweza kumjua baba yake kwa karatasi moja tu, na mara nyingi karatasi hiyo ni pasipoti saizi iliyokuzwa: uso peke yake, bila mikono, bila nguo, macho yakimtazama karani aliyekwisha kusahaulika. Kile ambacho Gulu kilibaki studio ndicho ambacho mtoto huyo angekitamani.

Nakiri kwamba nimekuwa mkali kwa wasanii na mpole kwa wenye studio, nao si watakatifu; nakala zisizolipiwa zilitupwa, na koti la studio lilivalishwa kila mtu bila kujali linamkaa vipi. Ila mwenye studio alijua wazi kuwa picha ina mwenyewe. Leo hata yeye anapungukiwa na nafasi: kwa Kitambulisho cha Taifa mwombaji hupigwa na kamera ya kidijitali palepale anapoandikishwa, na uso huingia katika hifadhi ya taarifa bila kupitia mkononi mwake. Filamu ya papo kwa papo nayo, baada ya Polaroid kusitisha uzalishaji mwaka 2008 na wengine kuufufua, imerudi kama kitu cha sherehe, ghali kwa kila kipande. Gharama hiyo si kikwazo cha kisanaa. Inaweza kuwa kanuni.

Chukulia mpigapicha anayefika Kamachumu na boksi la vipande 10. Kwa desturi ya majaribio atapiga 10 na kuondoka nazo zote, kisha atatuma skani kwa simu. Kazi ambayo uhakiki huu ungeipa uzito ni ile inayoanza na vipande vitano, kwa sababu vingine vitano vimekwisha kuwa mali ya waliokaa mbele ya kamera, na kila mmoja wao amechagua kati ya viwili kipi kiende. Atachagua kilicho bora. Maonyesho yatapata kile chenye kidole mbele ya lenzi, chenye rangi ya samawati kwa baridi ya asubuhi, chenye jicho lililofumba, na maelezo ya ukutani yatalazimika kusema nakala nyingine iko wapi.