Watu Wasio na Sura: Kijiji cha Sam Ntiro

Mwaka 1956 Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, alichora wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Jina la mchoro ni hilohilo, na leo uko Museum of Modern Art, New York. Mimi nimeuona kwenye simu tu, hapa Nkwenda, ambako migomba inaanzia nyuma ya jiko.

Ukitazama michoro ya Ntiro unaona haraka kwamba watu wake ni wadogo na sura zao hazitofautiani. Mtu aliyefundishwa na Margaret Trowell kule Makerere, kisha akasoma Slade, London, hakushindwa kuchora pua. Aliamua.

Mlinganishe na Camille Pissarro. Mwaka 1873 alichora mkulima aliyebeba kuni akipita kwenye shamba lenye sakitu. Huyo naye hana sura ya kukumbukwa, ila sababu ni nyingine: Pissarro anafuata mwanga. Vivuli vya miti tusiyoiona vimelala shambani, na mbeba kuni ni sehemu ya asubuhi. Akipita, asubuhi inabaki palepale.

Kwa Ntiro, wabebaji wakiondoka mchoro umekwisha. Usiku wake ni saa ya shughuli, na watu wanatambulika kwa wanachobeba na kule wanakoelekea. Mtu wa Kyerwa hahitaji kuelezwa. Mbege ya Wachaga ina ulezi, rubisi yetu ina mtama, lakini pombe ikifika ukweni watu huuliza kwanza imetoka kwa nani na kama imetosha. Aliyeibeba huulizwa baadaye.

Hapo ndipo ninapogombana na mchoro huu. Kijijini wajibu una sura. Yuko anayebeba kwa furaha, yuko aliyekopa ndizi, na yuko kaka ambaye hakutokea na kila mtu anajua kwa nini. Ntiro ametuonyesha desturi bila manung'uniko yake.

Hata hivyo naurudia. Sisi tuliosoma tumezoea kuandika kijiji kama mahali pa kukimbia au pa kulilia. Ntiro, aliyekuja kuwa balozi wa Tanganyika huko London, alikichora kama mahali penye shughuli isiyoweza kungoja kesho.