Kujibu, Kuitika na Kuganda: Uhakiki wa Karatasi Moja ya Maelekezo ya Kompyuta

Hivi karibuni mwandishi wa makala haya alionyeshwa karatasi ya maelekezo iliyofasiriwa kutoka Kiingereza na kubandikwa ukutani katika chumba cha makarani cha ofisi moja ya umma. Kichwa chake kilieleza kwamba hayo ndiyo ya kufanya pale "kibodi na kipanya vinapoacha kujibu". Karatasi yenyewe ni ya ukurasa mmoja, ina hatua tisa, na karibu kila neno lililomo laweza kupatikana katika kamusi zetu. Hata hivyo karani mmoja aliyeifuata kwa uaminifu alipoteza muhtasari wa kikao aliokuwa akiuchapa tangu asubuhi. Fundi alipofika alikuta kwamba kompyuta ni nzima, kibodi ni nzima na kipanya ni kizima. Kilichokuwa kimelegea mahali pake ni kile kipokezi kidogo, kisichozidi ukucha wa kidole gumba, ambacho hupokea ishara za vifaa hivyo viwili visivyo na waya. Alikisukuma ndani kwa kidole, kazi ikawa imekwisha.

Ofisini pale alilaumiwa karani, kwamba ana haraka. Sisi twadai kwamba lawama kubwa ni ya karatasi, na nyuma ya karatasi ni ya mazoea yetu wenyewe ya kuunda istilahi. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoanzishwa mwaka 1967, na hasa tangu vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilipoanza kutolewa katika miaka ya 1970, juhudi kubwa imewekwa katika majina ya vitu. Jambo hilo si baya. Lakini mtu ambaye kompyuta yake imemgomea hana shida ya majina. Kitu chenyewe kiko mbele ya macho yake. Anachohitaji ni vitenzi vya kumwezesha kutambua ni jambo gani lililotukia, na vingine vya kumwambia afanye nini.

Mabishano ya majina tuyapite upesi. Wengine husema kompyuta, wengine tarakilishi, na wapo wanaosema ngamizi. Kuna kibodi, kuna baobonye, kuna kicharazio. Kuna kipanya na kuna puku. Douglas Engelbart alipokionyesha hadharani kifaa hiki mjini San Francisco, tarehe 9 Desemba 1968, kilikuwa kisanduku chenye waya, na waya huo ukafananishwa na mkia. Leo vipanya vingi havina mkia hata kidogo, na jina limebaki, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, wala hatujasikia kwamba kuna mtu aliyedhurika kwa sababu hiyo. Vitenzi ndivyo vinavyodhuru.

Tuanze na kile kilichomo katika kichwa cha karatasi, yaani kujibu. Mfasiri alikiona kitenzi cha Kiingereza akachukua neno la kwanza lililomjia. Lakini katika Kiswahili anayejibu ni yule aliyeulizwa, anayeitwa huitika. Mtoto akiitwa na mama yake huitika kwa labeka, abee au naam, na hapo bado hajajibu lolote, kwa kuwa hajaulizwa lolote. Amejulisha tu kwamba yupo na kwamba amesikia. Kubonyeza kitufe ni kuita. Herufi inapotokea kwenye skrini, kompyuta imeitika. Kwa hiyo "haiitiki" ni kauli iliyo karibu zaidi na jambo lenyewe kuliko "haijibu", na ina faida ya kumfanya msomaji ajiulize swali la maana: je, niliyemwita amesikia?

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu, nasi twaomba msomaji atuvumilie kidogo. Katika tendo hili wamo watatu: kidole kinachobonyeza, kibodi inayopeleka wito, na kompyuta inayoupokea na kuitika. Tukisema "kibodi haiitiki" tumekwisha kumhukumu mtumishi aliyetumwa, ilhali pengine alifika na ujumbe wake akamkuta bwana wake amelala. Pengine pia kibodi iliupeleka wito ukapotea njiani, kama ilivyotukia kwa yule karani. Sentensi ya mfasiri imemteua mwenye kosa kabla ya uchunguzi kuanza, na hatua zote tisa zilizofuata zimejengwa juu ya uteuzi huo.

Angalia pia kwamba kichwa chasema kibodi na kipanya, vyote viwili. Fundi mwenye uzoefu akisikia hivyo hatazami kibodi wala kipanya. Ni nadra vifaa viwili mbalimbali kuharibika dakika ile ile. Vikinyamaza pamoja, mtu hutafuta kile vinachoshirikiana: kipokezi kimoja, au kigawanya matundu ambacho vyote vimechomekwa, au kompyuta yenyewe. Kikinyamaza kimoja tu, hapo hutazamwa hicho, betri yake au kebo yake. Tofauti hii ingeweza kuelezwa kwa sentensi mbili za Kiswahili chepesi. Karatasi haikuitaja, na badala yake hatua ya kwanza yamtaka mtumiaji "athibitishe uadilifu wa kibodi". Uadilifu! Mfasiri alitaka kusema kwamba mtu atazame kama kibodi ni nzima. Uadilifu ni sifa ya hakimu na mweka hazina.

Hatua ya pili ni nzuri kwa mawazo, mbaya kwa maneno. Yamwambia mtumiaji abonyeze "kufuli la kofia" na kutazama taa. Kitufe kinachokusudiwa ni kile kilichoandikwa Caps Lock, chenye kufanya herufi ziwe kubwa. Jaribio lenyewe ni la maana sana, maana katika kibodi nyingi za leo taa ile huwashwa kwa amri ya kompyuta, si na kibodi peke yake. Ikiwaka na kuzimika kila ubonyezapo, wito umefika na umeitikiwa, na ugonjwa uko kwingineko. Isipobadilika, ama njia imekatika ama kompyuta imeganda. Lakini karani atafute kofia wapi? Maandishi yaliyochapwa juu ya kitufe ni jina la kitufe hicho, kama jina lililoandikwa juu ya mlango wa duka. Hayafasiriwi, huandikwa yalivyo, kisha kazi yake ikaelezwa kwa Kiswahili.

Tumetaja kuganda. Watu mitaani wanasema simu au kompyuta imestaki, nasi hatuwakemei, maana walihitaji neno nasi hatukuwapa. Hata hivyo lugha yetu ina maneno mawili yaliyo tayari, na karatasi imeyatumia ovyo, mara hili mara lile, kama kwamba ni mamoja. Mafuta huganda yote kwa pamoja, chunguni mote. Gari hukwama katika tope huku magari mengine yakipita. Basi na tuseme kompyuta imeganda pale ambapo kila kitu kimesimama, hata saa iliyo pembeni mwa skrini haisogezi dakika. Na tuseme programu imekwama pale ambapo hiyo moja imesimama na nyingine zaendelea. Anayejua tofauti hii atatazama saa kwa dakika moja au mbili kabla ya kugusa kitufe cha umeme. Yule karani angaliitazama saa yake, angaliona inakwenda, na angalijua kwamba kazi yake bado i hai ndani ya mashine.

Neno jingine linalohitaji uangalifu ni kuharibika, ambalo karatasi imelitumia mara sita. Si kila kisichoitika kimeharibika. Mwezi Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho la Windows 11, na baada ya kulipokea, watumiaji waliona kwamba kibodi na vipanya vya matundu ya USB havifanyi kazi katika mazingira ya kuokolea, yaani kile chumba cha dharura ambacho kompyuta huingia inaposhindwa kuanza kwa kawaida. Katika kazi za kila siku vifaa vile vile viliendelea kufanya kazi bila tatizo. Sasisho hilo lilitolewa tarehe 14. Rekebisho lilitolewa tarehe 20 mwezi huo huo. Katika siku hizo hapakuwa na kibodi iliyoharibika wala kipanya kilichokufa, na mtu ambaye lugha yake haina ila kuharibika angekwenda dukani kununua vingine, navyo visingeitika vilevile. Yafaa kuongeza kwamba kibodi za mtindo wa zamani, zenye plagi ya duara iliyoletwa na IBM mwaka 1987, hazikupatwa na balaa hilo.

Plagi hizo za duara zatupeleka kwenye hatua ya nne. Hapa mfasiri anastahili sifa kwa kutumia chomoa na chomeka, vitenzi viwili vyenye uhai ambavyo kila mtu anavielewa. Amekosea kwa kuagiza jambo hilo bila masharti. Kifaa cha USB chaweza kuchomolewa na kuchomekwa kompyuta ikiwa inawaka. Plagi ya duara haikuundwa kwa namna hiyo. Kompyuta yapasa kuzimwa kwanza, la sivyo haitakitambua kifaa, na hata kuna hatari ya kudhuru sakiti zake. Kisha kuna hilo tundu lenyewe, ambalo karatasi yaliita "bandari". Mtu wa Dar es Salaam akiambiwa akague bandari atauliza kibali cha kuingilia. Tundu latosha, na limetumika miaka mingi kwa umeme.

Hatua ya sita ndiyo iliyotutia hofu zaidi. Yasema: "ondoa kiendeshi, kisha kirudishe". Kiendeshi, katika matumizi yalivyo leo, ni vitu viwili. Kwanza ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa fulani, na hiyo ndiyo iliyokusudiwa hapa. Pili ni kile chombo cha kuhifadhia au kusomea diski. Mtumishi mtiifu anayelijua neno kwa maana ya pili ataondoa chombo chenye kumbukumbu za ofisi katikati ya kazi. Isitoshe, kuiondoa hiyo programu kwahitaji kipanya au kibodi inayofanya kazi, ambavyo ndivyo vilivyokosekana! Hapo kosa ni la Kiingereza chenyewe, nalo lina ukoo na ule ujumbe maarufu wa kompyuta za zamani uliotangaza kwamba kibodi haikuonekana, kisha ukamtaka mtu abonyeze kitufe cha F1 ili aendelee. Wapo watakaosema kwamba mfasiri hana ruhusa ya kusahihisha asilia. Katika ushairi twaweza kuwakubalia. Katika maelekezo ya kazi, mfasiri akiona kwamba hatua haifanyiki, hana budi kuirudisha kwa aliyemtuma.

Tufike sasa kwenye hatua ya saba, iliyomponza karani. Maneno yake ni machache: "bonyeza kitufe cha umeme ili kuanzisha upya". Karani alibonyeza, hakuona kitu papo hapo, akaendelea kushikilia. Kumbe kubonyeza na kushikilia ni amri mbili mbalimbali. Kitufe kikibonyezwa mara moja na kuachwa, kompyuta iliyo hai hulala au hujizima kwa utaratibu, kwa kadiri ilivyopangwa. Kikishikiliwa kwa muda wa sekunde 4 au zaidi, umeme hukatwa kwa nguvu, na yote yasiyohifadhiwa hupotea. Kiswahili kinavyo vitenzi vyote viwili, na mfasiri alihitaji sentensi moja tu ya onyo. Tena "kuanzisha upya" hakusemi ni nini kinachoanzishwa. Katika masikio ya karani ilikuwa ni kibodi. "Zima kompyuta, kisha iwashe" kungemshtua, akasita.

Kuhusu kiendeshi, maoni yetu ni kwamba neno hilo libaki na ile programu, na chombo cha diski kiitwe diski tu, ikitajwa ni ya ndani au ya kuchomeka. Wenzetu wanaofundisha somo hili vyuoni huenda wakawa na pendekezo lililo bora, nasi tungependa kulisoma katika kurasa hizi. Kuitika, kuganda na kukwama havihitaji kikao; vimo vinywani mwa watu, na mfasiri aweza kuanza kuvitumia kesho.

Karatasi ile bado imebandikwa mahali pale pale. Tulipopita mara ya mwisho tuliona kwamba juu ya hatua ya kwanza mtu ameongeza kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wa kikarani ulionyooka: "Kwanza sukuma kipokezi."