Mbawa Pasipo na Upepo

Msafiri aendaye Tunduma kwa njia ya Mbeya hupita wilaya ya Mbozi, na akiingia ndani hadi Ndolezi atakiona kimondo kilichojulikana kwa wataalamu tangu mwaka 1930: bonge la chuma na nikeli, urefu wapata mita 3. Hakina omo wala tezi. Kilikotoka hakuna hewa, na pasipo hewa hakuna umbo linalokwama.

Watunzi wa vita vya angani hulisahau hili, wakaviundia vyombo vyao mbawa. Katika filamu ya Star Wars ya 1977, vyombo vya X-wing hulala ubavu vikikata kona kana kwamba vimeegemea upepo. George Lucas alifuata picha za mapigano ya ndege za Vita Kuu ya Pili, na jicho hufurahi. Lakini bawa hilo ni kina kilichotiwa kuujaza ubeti: sauti ipo, maana haipo.

Tazama sasa Starfury, katika tamthilia ya Babylon 5 ya miaka ya 1990. Nayo ina mikono minne iliyopishana mfano wa X, ila mikono hiyo hubeba injini mbali na kitovu cha chombo. Mshika kafi yeyote anaijua faida yake: ukisukuma mbali na kitovu, mtumbwi hugeuka kwa nguvu chache. Basi rubani huigeuza omo nyuma akampiga amfuataye, na chombo kikaendelea kule kule kilikokuwa kikienda, kwani hakuna maji ya kukizuia. Herufi ni moja. Huyu kaichora, yule kaifikiria.

Tena kuna joto. Ombwe halipozi mashine kama bahari ipozavyo. Joto hutoka kwa mng'ao tu, kwa hiyo chombo chahitaji rejeta pana, nyembamba, zisizofichika. Stanley Kubrick aliziondoa katika chombo cha Discovery One, filamu yake ya 1968, watazamaji wasije wakazidhani mbawa. Sikubaliani naye, hasa kwa atakayeandika vita: hapo ndipo adui angelenga, na hapo ndipo hofu ya hadithi ingekaa.

Nnedi Okorafor, katika Binti (2015), kaunda chombo kilicho hai, jamaa ya kamba wa baharini. (Mtepe wetu nao ulishonwa kwa kamba, ya nazi.) Mshairi wa pwani atakayejaribu kazi hii anazo omo, tezi na mkuku ulimini tayari. Mkuku atauacha bandarini.