Sentimita Tatu za Waya Uliokwisha Kufa

Ile video ya fundi anayetengeneza taa za Land Cruiser mkonga imezunguka kwenye simu za madereva wote, na wengi mmeisifu. Sehemu kubwa inastahili sifa. Lakini pale aliposhika plaizi na kukata waya wa taa ya kushoto sentimita tatu tu nyuma ya plagi iliyoyeyuka, kazi iliharibika, na yote yaliyofuata yalijengwa juu ya shaba mbovu.

Isimamisheni pale anapomenya waya. Kwanza itazameni plagi yenyewe: matundu mawili ni mazima, la tatu ni jeusi, na plastiki yake imechuruzika hadi ikagandia mguu wa globu. Kisha utazameni waya. Ganda lake lilipaswa kunyumbulika, lakini anapoliminya kwa ukucha linakatika vipande na kudondoka kwenye bampa. Ndani, nyuzi za shaba hazing'ai. Zina rangi ya kahawia iliyoungua, na mbili tatu zinavunjika anapozisokota. Fundi anazipuliza, anazivalisha taminali mpya, anabana, anasonga mbele. Hakuna hata sekunde moja ya kusita.

Hapo ndipo ninapogombana naye. Joto lililoyeyusha plagi halikuishia kwenye plagi. Shaba inapitisha joto vizuri kama inavyopitisha umeme, kwa hiyo moto ulipanda ndani ya waya na kuupika kutoka ndani. Shaba iliyopikwa hivyo inavaa utando wa oksidi. Haishiki risasi ukijaribu kuilehemu, na ukiibana, taminali inakaa juu ya utando badala ya kukaa juu ya shaba safi. Ukinzani uleule ulioua plagi ya zamani unahamia kwenye plagi mpya, kisha tunasikia lawama kwamba spea za siku hizi ni feki.

Pigeni hesabu. Globu ya H4 ya kawaida ni wati 60 kwenye fuli na 55 kwenye dimu, kwa hiyo fuli inavuta takribani ampea 5. Kiungo kibovu chenye ukinzani wa omu 0.2 tu kinakula volti 1 na kutoa wati 5 za joto, ndani ya kipande cha chuma kisichozidi ukucha, kilichozungukwa na plastiki. Volti hiyo moja ikipotea njiani, mwanga unapungua karibu robo. Na fyuzi haitakatika, kwa sababu kiungo kibovu hakiongezi umeme unaopita, kinaupunguza. Dereva ataona taa moja imefifia, atadhani globu imezeeka, atanunua nyingine.

Mara nyingi hiyo nyingine huwa ni ya 100/90. Nimezipinga globu hizi katika safu hii miaka yote, na sitaacha. Kwenye fuli inavuta zaidi ya ampea 8, na kwa kuwa joto la kiungo hupanda kwa mraba wa umeme unaopita, kiungo kilekile kinapata joto karibu mara tatu. Waya wa kiwandani haukupimwa kwa mzigo huo, wala swichi, wala plagi. Mwenye duka anayemuuzia dereva globu ya wati mia bila kuuliza hali ya wairingi anamuuzia matengenezo ya mwezi ujao.

Tumpe fundi haki yake: alitoa betri kwanza, akaweka soketi za kauri, akafunga rilei na fyuzi jirani na betri, akarudisha globu za 60/55, na alijua kwamba kwenye Toyota hii mguu wa pamoja wa globu ndio wenye chanya na swichi inakatia upande wa hasi, jambo linalowapoteza wengi.

Ndiyo maana sentimita tatu zile zinaniuma. Najua hofu yake: angekata zaidi, waya ungekuwa mfupi na usingefika kwenye taa. Basi angeunga kipande cha waya wa milimita 2.5 za mraba kutoka kwenye rola lilelile alilotumia kwa rilei! Unakata sentimita kumi, unamenya, unatazama. Bado ni nyeusi? Kata tano nyingine. Unasimama pale shaba inapong'aa, si pale urefu wa waya unapokuridhisha.

Mafundi umeme waliotulea kwenye Land Rover na Bedford wasingefanya kosa hili. Hawakuwa na koleo za kubania za bei kubwa wala mita za kidijitali. Walikuwa na testa ya globu na kisu. Lakini walikwangua waya mpaka ung'ae kabla ya kuunga chochote, na waliujua kwa rangi yake: bluu ni taa kubwa, bluu yenye mstari mweupe ni fuli, bluu yenye mstari mwekundu ni dimu. Leo gari zima linafungwa waya mwekundu wa aina moja na tepu nyeusi, na waya wenyewe mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Ukikwangua kwa kisu, ndani ni mweupe. Alumini hiyo inapitisha umeme vibaya zaidi kuliko shaba ya unene uleule, na inalegea ndani ya taminali. Mzee yeyote wa kazi ile angeurudisha dukani.

Na kuna jambo la mwisho ambalo video haikuonyesha. Taa ziliwaka, watu wakashangilia, ikakatika hapo. Taa inatakiwa iachwe fuli nusu saa injini ikiunguruma, kisha uguse waya nyuma ya plagi, kushoto na kulia. Halafu mita: ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye mguu wa chanya wa globu, taa zikiwa zinawaka. Ikizidi nusu volti, kuna kiungo kibaya njiani. Rudia upande wa hasi. Mwenye mkonga ule akipima taa ya kushoto, natarajia atakuta zaidi ya nusu volti, na pa kukata tena ni nyuma ya taminali ile mpya, sentimita kumi kwa kuanzia.