Nani Aliyezuiwa? Istilahi za Barua Pepe Zinazokataliwa

Notisi ambayo mtambo wa barua pepe humrudishia mtu ambaye ujumbe wake haukupokelewa ni maandishi mafupi mno, aghalabu sentensi mbili au tatu, na kwa sababu hiyo wafasiri wengi huipitia upesi. Sisi nasi tulikuwa miongoni mwao, mpaka tulipofika wilayani Kilosa na kuona madhara ya sentensi hizo zinapofasiriwa bila kutazamwa vema. Makosa tuliyoyakuta huko hayakuwa ya tahajia. Yalikuwa ni makosa ya kumtia hatiani mtu asiyetenda kosa, na chanzo chake kilikuwa istilahi.

Mwenye nyumba moja ya wageni mjini Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, alikuwa na anwani ya barua pepe yenye jina la biashara yake. Aliipata pamoja na tovuti kutoka kwa kampuni inayopangisha nafasi katika seva zake. Barua alizowaandikia mawakala wa utalii wa Ujerumani, ambao walikuwa wakimletea wageni wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, zilianza kurudi moja baada ya nyingine. Notisi zilikuwa za Kiingereza. Kijana mmoja akamfasiria kwa kufuata mwongozo wa Kiswahili uliokuwa ukipitishwa maofisini kwa nakala, na tafsiri ikawa hivi: "Umezuiwa kwa kuwa umo katika orodha nyeusi ya watuma taka." Mama yule alituambia kwa uchungu, "Jamani walimu wangu, nimwandikie mgeni kwamba chumba kipo, niitwe mtuma taka?" Kisha akafanya alilodhani ndiyo dawa. Aliiacha anwani yake, akafungua nyingine isiyo na jina la biashara, na barua za wageni walioijua anwani ya zamani zikawa zinaingia katika kisanduku asichokifungua tena. Alipogundua, kiangazi, ambacho ndicho msimu wake wa wageni, kilikuwa kimekwisha.

Yafaa tueleze kwanza lililotokea, maana bila ya kulielewa jambo lenyewe hatuwezi kuzihukumu istilahi. Kila mtambo uliounganishwa na intaneti hutambulikana kwa namba. Kanuni zilizotolewa mwaka 1981 ziliipa namba hiyo biti 32, yaani jumla ya namba 4,294,967,296 kwa dunia nzima. Hesabu hiyo ilionekana kubwa wakati ule; leo haitoshi. AFRINIC, shirika ligawalo namba hizo barani Afrika, liliingia katika awamu ya mwisho ya kugawa akiba yake mwezi Januari 2020. Kwa hiyo namba hutumiwa kwa shirika. Kampuni zinazopangisha tovuti huweza kuwaweka mamia ya wateja katika seva moja yenye namba moja, na kampuni za simu huwapitisha wateja wengi nyuma ya namba chache. Mwaka 2012 fungu maalumu la namba lilitengwa ili lisaidie kazi hiyo ya pili.

Kwa upande wa pili zipo orodha. Mwaka 1997 Paul Vixie, Mmarekani, alishiriki kuanzisha orodha ya namba ambazo zilikuwa zikitoa barua za matangazo zisizoombwa, na mwaka 1998 Steve Linford akaanzisha Spamhaus, ambayo orodha zake hutumiwa duniani kote hadi leo. Mtambo wa mpokeaji unapobishiwa hodi huitazama namba ya mtambo unaobisha, huigeuza mafungu yake manne kinyumenyume, kisha huiuliza orodha kama namba hiyo imo. Ikiwa imo, jibu hurudi kwa umbo la namba nyingine ianzayo na 127, na hodi hukataliwa papo hapo. Mara nyingi hayo hutendeka kabla hata neno moja la barua halijapokelewa. Basi mteja mmoja wa seva ile, ama kwa ubaya wake ama kwa kuibiwa neno lake la siri, akitoa maelfu ya matangazo, namba huingizwa katika orodha, na wote waliomo nyuma yake hukataliwa pamoja naye. Wataalamu wa intaneti walikwisha kuandika mwaka 2011 kwamba kutumia namba kwa shirika kutaleta balaa hilo hilo, adhabu ya mmoja iwaangukie wengi.

Sasa turudie tafsiri yetu. Kiingereza cha notisi kilitaja mtambo, tena kwa namba yake, hakikumtaja mtu. Mfasiri wa mwongozo akaandika "umezuiwa" na "umo". Twaamini kwamba alikusudia "ujumbe umezuiwa", maana kurasa mbili kabla alikuwa akizungumza habari za ujumbe. Lakini katika Kiswahili kiambishi u- hufanya kazi mbili: ndicho kipatanishi cha ujumbe, na ndicho kiambishi cha nafsi ya pili katika umoja. Ujumbe umezuiwa; wewe umezuiwa. Nomino ikiachwa, msomaji hana njia ya kuzipambanua, na kila binadamu anayesoma karatasi iliyoletwa kwake atajiona kuwa ndiye anayesemwa. Mwingereza hawezi kukosea hapo hata akitaka, kwa kuwa lugha yake haimruhusu kuiacha nomino namna hiyo. Ufupi wa kitenzi chetu, ambao twajivunia kwa haki, hapa umetuponza.

Wenzetu waliojaribu kuepuka tatizo hilo kwa kusema "barua imezuiwa, imo katika orodha" hawakufika mbali. Ni nini kilichomo katika orodha, barua au anwani? Zote mbili hupatana kwa i-. Msomaji atadhani kwamba barua yake ilisomwa, ikapimwa, ikaonekana kuwa taka, hali haikufunguliwa kamwe. Katika maandishi ya namna hii mfasiri hana budi kuirudia nomino katika kila sentensi, hata kama mwalimu wake wa insha alimkataza.

Hata hivyo, neno lililomtia hasara mama wa Mikumi ni anwani. Kiswahili cha ofisini hutumia anwani kwa mambo mawili yasiyohusiana sana: jina la mtu au idara penye alama ya barua pepe katikati, na namba ya mtambo. Akiambiwa kwamba anwani yake imezuiwa, mtu ataibadilisha ile anayoijua. Kwetu anwani ni ya mtu, hata inapokuwa ya shirika. Mwalimu, karani na mwanafunzi huweza kutumia S.L.P. moja ya shule kwa miaka mingi, na kila barua huandikwa jina la mwenyewe juu ya namba ya sanduku; hakuna Posta iliyowahi kumrudishia mwalimu barua yake kwa sababu mwanafunzi wa sanduku hilo aliandika matusi. Kwa hiyo katika notisi zinazosomwa na wananchi twapendekeza namba ya mtambo, na neno anwani libaki kwa kile ambacho mtu hukiandika mwenyewe. Anwani ya IP imekwisha kuzoeleka katika vitabu vya mafundi, nasi hatuna nia ya kuifukuza humo. Yupo aliyetupinga akisema kwamba namba nayo ina mwenyewe, hasa tangu laini za simu ziliposajiliwa kwa alama za vidole. Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo sababu hatukupendekeza namba yako wala namba peke yake. Tumependekeza namba ya mtambo, na mtambo uandikwe kila mara.

Mintarafu ya orodha nyeusi, hatuna mengi ya kusema ila kwamba ni Kiingereza kilichovikwa kanzu. Rangi haimwelezi msomaji wetu chochote juu ya kazi ya orodha hiyo, wala haimwambii afanye nini. Tuliwauliza wafugaji wawili wa Kilosa, baada ya kuwaeleza habari yenyewe kwa kirefu, wao wangeliitaje jambo kama hilo. Wote wawili walitaja karantini. Ugonjwa wa miguu na midomo ukizuka, ng'ombe wa eneo zima hawatoki, wagonjwa na wazima, na hakuna anayemwita mwenye ng'ombe wazima mhalifu. Kinachosemwa ni kwamba ametoka mahali palipozuiliwa. Tulilipenda jibu hilo kuliko yote tuliyoyasikia katika safari yetu. Tumeliacha kwa sababu moja tu, kwamba programu nyingi za barua pepe zina mahali pengine paitwapo karantini, ambapo ujumbe uliotiliwa shaka huwekwa kando ungoje ukaguzi, na istilahi moja haiwezi kubeba yote mawili.

Neno kufungiwa lilipendekezwa pia. Magazeti hulitumia kwa wachezaji wa mpira na kwa magazeti yenyewe, na kila afungiwaye hufungiwa kwa kosa lake, halifai. Twaona bora orodha ya zuio. Watumishi wa serikali wanalijua zuio la mahakama: huwekwa juu ya jambo fulani, laweza kuwa la muda, na yupo anayeweza kuomba liondolewe. Ndivyo zilivyo orodha hizi. Namba huingia na kutoka, na mwenye mtambo, akikwisha kuusafisha, huomba iondolewe. Tena zuio lina upatanisho wake wa li-, ambao hauwezi kuchanganywa na wewe, wala ujumbe, wala barua, wala namba.

Barua taka twaikubali. Imeenea, inaeleweka, na wanaotania kwamba ni barua ambayo hakuna anayeitaka wanaifanya ikumbukike zaidi. Tunachokataa ni kuitumia pale ambapo hakuna barua iliyosomwa.

Kosa hili lina sura nyingine, mbaya zaidi, nayo tuliikuta mjini Kilosa. Shule moja ilikuwa na mashine ya kunakili ambayo pia hupiga picha za nyaraka na kuzipeleka yenyewe kwa barua pepe, ikipitia kifaa cha intaneti cha kampuni ya simu. Fomu za wanafunzi zilizopelekwa kwa mashine hiyo zilikataliwa. Namba iliyotumika ilikuwa katika orodha ya aina ya pekee, ambayo haimtuhumu mtu yeyote kwa taka yoyote. Orodha hiyo hukusanya namba za majumbani na za simu ambazo, kwa utaratibu uliowekwa, hazitazamiwi kupeleka barua moja kwa moja kwa mitambo ya watu wengine bila ya kupitia seva ya barua. Dawa yake ni kuiagiza mashine ipitie seva hiyo kwa jina na neno la siri, kazi ya dakika chache. Lakini mwongozo ule ulikuwa na istilahi moja tu kwa orodha zote. Mkuu wa shule alisoma "orodha nyeusi ya watuma taka", akamwita karani wa masjala, na kumtaka aandike barua ya kujieleza: ni taka gani alizotuma kwa kutumia mali ya shule, na kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu. Karani aliandika kurasa mbili. Alieleza kwamba alituma fomu tu, na kwamba kama kuna mwingine aliyeigusa mashine yeye hakumwona.

Tumemsoma mfasiri wa mwongozo huo kwa makini, na hatumwoni kuwa mzembe. Sehemu zake juu ya viambatisho na juu ya kuhifadhi nyaraka ni nzuri, nasi tumezitumia wenyewe. Alikosa kuuliza swali moja ambalo mfasiri wa maandishi ya ufundi hana budi kuliuliza: msomaji akikwisha kusoma hapa atafanya nini? Kwa orodha ya kwanza jibu ni kumpigia simu aliyempangisha nafasi katika seva. Kwa orodha ya pili jibu ni kurekebisha mashine. Katika hali zote mbili hakuna haja ya anwani mpya wala ya barua ya kujieleza, na tafsiri inayompeleka msomaji huko imekosea hata kama kila neno lake limo katika kamusi.

Kwa notisi ya aina ya kwanza twapendekeza maneno haya: "Ujumbe wako haukupokelewa, na haukusomwa. Mtambo uliotumika kuupeleka una namba ifuatayo, nayo namba hiyo ina zuio. Huenda namba hiyo inatumiwa na watu wengine pia. Anwani yako ya barua pepe haina zuio. Mwenye mtambo ndiye awezaye kuomba zuio liondolewe." Tumeandika "huenda" kwa makusudi, maana mtambo unaokataa hauna hakika ni watu wangapi walio nyuma ya namba moja. Sentensi ya nne haimo katika Kiingereza, na wapo watakaotulaumu kwa kuiongeza. Tumeiongeza kwa ajili ya Mikumi.

Kwa notisi ya aina ya pili sentensi tatu zinatosha: "Ujumbe haukupokelewa. Namba ya mtambo huu haitazamiwi kupeleka barua moja kwa moja. Ujumbe upitie seva ya barua ya shule au ofisi." Tuliwaachia walimu wa Kilosa nakala, na mmoja wao akaibandika juu ya mashine ya kunakili. Mashine ilikuwa imekwisha kurekebishwa. Barua ya karani ya kujieleza, tulipoondoka, ilikuwa ingali imo katika jalada lake.